Hao Wasirimo Wako: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa, baba. Huku nyumbani tu wazima. Goti la bibi yako limetulia tangu baridi ilegee, na mjomba wako wa Mpunguzi analalamikia ndege wanaomtangulia kwenye zabibu zake. Ada ya muhula nimeshalipa, risiti utaiona kwenye simu. Sasa tuzungumze mambo yako.

Hadithi yako nimeisoma yote, na kurasa za mwanzo nimezirudia kwa raha tu. Yule konda wa basi la Kondoa anayeteremka njiani kujisaidia akakuta nyayo zenye vidole vitatu, huyo nimemwamini. Hata matusi yake nimeyaamini, ingawa nilipomsomea bibi yako niliyaruka. Tatizo linaanza pale Wasirimo wako wanapotokea. Ni warefu, wembamba, vichwa vikubwa, hawana midomo, wametoka kwenye nyota, wamechora ile michoro ya kale ya miambani pale Kolo, Kondoa, kisha wametoweka. Ukurasa baada ya ukurasa unatuambia kwamba hakuna ajuaye lolote juu yao. Nimefika mwisho nami sijui lolote, na nimepata wasiwasi kwamba hata wewe uliyewabuni hujui. Unaiita siri. Mimi naona ni uvivu, na uliniomba nisikuonee haya.

Si kwamba siwapendi watu wa namna hiyo. Unaujua ugonjwa wangu: nipe kitabu kilichojaa wafalme na majeshi, mimi nitamfuata mtu wa kabila lililotajwa mara moja katikati ya kitabu, kisha likaachwa. Kwa hiyo nimekaa na kujiuliza kwa nini baadhi ya hao wanakaa nami miaka na miaka, na Wasirimo hawakukaa hata mpaka asubuhi.

Anza na wa kwetu. Wachaga wanasimulia habari za Wakonyingo, watu wafupi wanaoishi juu kabisa Kilimanjaro. Vichwa vyao vimezidi miili, kwa hiyo hawajilazi kama sisi. Wanalala wameketi, wameegemea ukuta, maana wakijilaza hawawezi kuinuka tena. Na kila mmoja ana pembe kiunoni, ili akianguka aipulize, wenzake waje wamnyanyue. Iangalie hiyo pembe. Kwa pembe hiyo moja najua kwamba wanaanguka mara nyingi kiasi cha kujiandaa, na kwamba kwao ikilia, mtu anaacha alichoshika na kwenda. Tayari nimeshaiona jamii. Wasirimo wako nao wana vichwa vikubwa, mbona hakuna hata mmoja anayeumwa shingo?

Amos Tutuola wa Nigeria naye alilijua hili. Katika The Palm-Wine Drinkard, iliyotoka 1952, kuna bwana mmoja mtanashati ajabu ambaye binti anamwona sokoni, anamfuata mpaka porini. Huko njiani bwana anaanza kurudisha viungo alivyoazima. Miguu anamrudishia mwenye miguu, mikono mwenye mikono, na kila anapofika analipa kodi yake, mpaka anabaki fuvu tupu. Fuvu linatisha, sawa, lakini kinachonikaa kichwani ni ile kodi. Ina maana porini mule kuna watu wanaokodisha viungo vyao, kuna bei, na huyo fuvu pamoja na ubaya wake wote hadhulumu mtu.

Lakini ninaotaka uwasome kwa kituo ni Drúedain, watu wa porini katika vitabu vya Mwingereza J. R. R. Tolkien. Kama umeangalia filamu tu hutawajua, kwa sababu walikatwa. Wamo kwenye The Return of the King, juzuu ya tatu ya The Lord of the Rings, ya mwaka 1955. Wapanda farasi wa Rohan wanakimbilia kuuokoa mji wa Minas Tirith na barabara imezibwa na adui. Usiku wanasikia ngoma msituni. Anakuja mzee mfupi mnene, uso bapa, amejifunga majani kiunoni, jina lake Ghân-buri-Ghân. Anajua njia ya kale ya magari ya mawe ambayo watu wa mjini wameshaisahau, na yuko tayari kuwapitisha. Anawaambia pia kwamba adui ni wengi kuliko wao. Éomer, mpwa wa mfalme, anamuuliza amejuaje. Mzee anaudhika. Anajibu kwamba watu wake ni wa porini, lakini si watoto. Yeye anahesabu nyota, anahesabu majani, anahesabu watu gizani. Kisha anawatajia idadi yao wenyewe: ishirini mara ishirini, mara kumi na tano. Piga hesabu upate 6,000. Amewahesabu wakiwa wamelala, usiku, bila taa.

Halafu inakuja habari ya malipo. Mfalme Théoden anamwahidi utajiri na urafiki. Mzee anataka kitu kingine: wakishinda, watu wa Rohan wawaache watu wake katika misitu yao, wasiwawinde tena kama wanyama.

Hapo simama, baba. Ni maneno machache na Tolkien anapita haraka, lakini hawa mashujaa wa farasi tumewashangilia tangu juzuu ya pili, na kumbe muda wote huo walikuwa wakiwinda watu. Hatukuambiwa, maana waliokuwa wakitusimulia ni wao na marafiki zao. Ilibidi mwenyewe aje kusema, na hata yeye alisema kwa sababu tu wakati ule walimhitaji. Vita ikiisha, mfalme mpya Aragorn anapita pale na kutangaza kwamba msitu ni wa Ghân na watu wake milele, mtu asiingie bila ruhusa yao. Wala hawatokei kupiga magoti na kushukuru. Ngoma zinalia kwa nguvu, basi. Nampenda Tolkien kwa hilo kuliko kwa mazimwi yake yote.

Tolkien alifariki 1973, na mwanawe Christopher akakusanya maandishi yaliyobaki akatoa Unfinished Tales mwaka 1980. Humo Drúedain wana sura yao. Nyuso zao ni ngumu, husomi kitu, lakini mmoja akicheka kila aliye karibu anacheka naye, kwa sababu kicheko chao hakina dharau ndani. Hawana maandishi, ila alama za njiani wanazisoma vizuri mno. Wanachonga mawe yanayofanana na wao wenyewe na kuyaweka mlangoni kama walinzi. Kuna Aghan, mganga, anayeondoka kwenda kwa ndugu zake na kuacha jiwe la namna hiyo lilinde nyumba ya rafiki. Maadui wanakuja, wanawasha moto ukutani. Jiwe linaamka na kuuzima kwa miguu. Aghan akirudi anaonyesha miguu yake: imeungua. Nguvu aliyoitia kwenye jiwe ilikuwa yake, kwa hiyo na maumivu ni yake. Hapo bado sijui nguvu hiyo inatoka wapi wala inafanyaje kazi, na sihitaji kujua.

Unaona tofauti? Siri ya Drúedain ni mali yao, wanaitunza kwa sababu zao. Siri ya Wasirimo ni tundu tu kwenye hadithi.

Hata kwenye televisheni wapo walioliweza hili. Star Trek: Deep Space Nine ina Breen, watu wa sayari nyingine ambao katika tamthilia hiyo hatuonyeshwi kamwe nyuso zao, na usemi wao ni kama redio iliyokosa stesheni. Kila mtu anaamini kwao ni barafu tupu, ndiyo maana wanavaa mavazi ya kuwapoza mwili. Baadaye mshirika wao mmoja anasema hapana, hali ya hewa huko ni nzuri tu. Basi mavazi ya nini? Hatujibiwi. Watazamaji wote tuliokuwa tukirudia habari za barafu tukabaki tumeshika uvumi mkononi. H. G. Wells naye, kwenye The Time Machine ya 1895, alimpeleka msafiri wake hadi mwaka 802,701 akakutana na Morlock, watu wa chini ya ardhi. Anawaogopa, anawapiga kwa chuma, anaeleza maisha yao kwa nadharia ndefu, na hazungumzi nao hata neno moja. Nikisoma siku hizi najiuliza Morlock wangesimulia nini juu ya mgeni yule aliyeteremka kisimani kwao na kuwasha kiberiti.

Sasa habari ya kutoweka. Najua ulikoitoa, maana nilikuwa nikikuona likizo ukikesha kwenye kompyuta ndani ya magofu ya Dwemer, wale wa michezo ya The Elder Scrolls. Taifa zima la mafundi linapotea kwa mpigo mmoja, kwenye vita ya Mlima Mwekundu, mashine zao zinabaki zikizunguka gizani bila bwana. Ulinisimulia mwenyewe kwamba katika Morrowind, mchezo wa 2002, unamkuta mmoja aliyesalia, Yagrum Bagarn, aliyepona kwa kuwa siku hiyo alikuwa nje ya ulimwengu ule, na hata yeye hajui wenzake walikwenda wapi. Nilikusikiliza huku nikichambua mchele, lakini nilisikia. Ni wazo zuri. Kwa Dwemer linafaa, kwa kuwa Dwemer hawana wajukuu wa kuudhika.

Kolo ina wajukuu. Michoro ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, miamba zaidi ya 150 yenye picha. Ile myekundu, yenye wanyama na hao watu warefu unaowapenda, ni kazi ya wawindaji waliosaga mawe mekundu wakapata rangi. Ile nyeupe ilikuja baadaye, na inahusishwa na wakulima na wafugaji. Watafiti kadhaa wanaihusisha michoro myekundu na mababu wa Wasandawe. Na Wasandawe wapo, baba. Wapo Kwa Mtoro, wapo Farkwa, wanalima uwele, wanarina asali, wanapanda basi lile lile la konda wako mwenye matusi. Ile lugha yao yenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, ulikuwa ukijaribu kuiiga ulipokuwa shule ya msingi, ukashindwa, mwenzako wa dawati moja akakucheka. Ukiandika kwamba waliochora walishuka kutoka kwenye nyota kisha wakatoweka, unamtoa babu wa yule mwenzako pangoni ili upate pa kumweka mgeni.

Na wala huhitaji. Chukua ule mchoro wa watu watano pale Kolo, mmoja katikati, wawili kila upande, wengine vichwa vyao kama vimefunikwa vinyago. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyefanya kazi ya kunakili michoro hiyo mwaka 1951, aliona mwanamke anayetekwa, huku wanavuta na huku wanavuta. Wengine baada yake wameona ngoma ya tiba, watu wamemshika mwenzao aliyepandwa na pepo. Ni vita au ni uganga? Mwamba ule ule, rangi ile ile. Na pale Mungomi wa Kolo kuna wenyeji wanaokwenda kutambika hadi leo, wala hawasubiri watafiti wamalize kubishana. Hapo pana siri ya kukutosha hadithi tano, na yote ina wenyewe.

Sikukatazi kuleta viumbe wa nyota Kondoa. Walete. Mimi ningewaleta hivi: chombo kinatua, Wasirimo wanateremka, wanamkuta mchoraji yuko juu ya jukwaa lake la miti, amemaliza mguu wa twiga na anachanganya rangi ya mguu wa pili. Anawatazama. Anarudi kwenye twiga. Sasa wageni ndio washangae, wao ndio waandike kwenye vitabu vyao kwamba hakuna ajuaye lolote juu ya watu hawa. Halafu usiku wasikie mtu anawahesabu. Pengine mchoraji akawachora kwa mzaha, na mzaha huo ukamfikia konda wako baada ya miaka elfu kadhaa. Lakini hadithi ni yako, mimi nimejipendekeza tu.

Kabla hujaandika sura ya pili nijibu haya kwenye karatasi, hata kama hayataingia kitabuni. Msirimo akifiwa anafanya nini siku ya kwanza? Ni jambo gani akilitaja mgeni mezani wote wananyamaza? Wana deni kwa nani? Wanataniana na kina nani, kama sisi Wagogo tulivyo na watani wetu?

Swali la mwisho si langu, ni la bibi yako. Nilipomaliza kumsomea alikaa akifikiri, kisha akauliza: kama hao watu hawana midomo, mgeni akibisha hodi wanamkaribishaje, na huo ugali unaingilia wapi? Nimemwambia sijui, mwenye watu ni wewe. Mpigie umjibu mwenyewe jioni, ila si wakati wa taarifa ya habari, hatapokea.

Mama yako