Kwa nini mvua ikinyesha foleni yetu ya kupukuchua mahindi hubadilika

Simu tunazopokea mwezi wa Novemba zinafanana. "Ulisema utakuja Jumanne. Leo ni Ijumaa, na trekta yako nimeiona ikipita hapa kwangu ikielekea kwa jirani." Malalamiko hayo ni ya haki. Mtu aliyeita vibarua, akawapikia, akanunua magunia, kisha mashine isifike, ana kila sababu ya kukasirika. Ndiyo maana, kabla msimu haujapamba moto, tunataka kuwaeleza wateja wetu kuanzia Ziwa, kule Uasin Gishu, hadi pande za Kitale jinsi tunavyopanga kazi ya mashine zetu mvua inapoingilia mavuno. Anayetangulia kupiga simu si lazima atangulie kuhudumiwa. Tunatazama unyevu wa nafaka, mahali ilipolala usiku, na kama gari litafika.

Wazee wetu walizoea mpango mmoja: unapanda Machi au Aprili, mvua inapungua Oktoba, mahindi yanakaukia shambani, na jua la Novemba na Desemba linamaliza kazi. Kisha ikaja 2019, na tena 2023, mvua ikanyesha Oktoba hadi Desemba kana kwamba haijui kalenda. Tangu hapo hatupangi msimu wowote kwa kutegemea jua.

Punje inapokomaa, ile doa jeusi likitokea pale inaposhikana na gunzi, bado ina unyevu wa asilimia 30 hadi 35. Ya kuweka ghalani inatakiwa isizidi 13.5. Mashine ya kupukuchua inafanya kazi safi punje ikiwa 18 au chini. Ikizidi 20 punje ni laini, inapondeka na kuchubuka, na kila mchubuko ni mlango wa kuvu. Kwa hiyo dereva wetu akifika kwako hutoa mita ya kupima unyevu kwanza. Ikisoma juu ya 18, hawashi mashine, hata ukimsihi.

Sheria hiyo tuliijua kwa uchungu. Mwaka 2023 mama mmoja mteja wetu alikuwa na mahindi yanayosoma 22. Karo ya Januari ilikuwa inamngoja, dalali ameahidi kuja asubuhi, na mawingu yalikuwa yamefunga. Tulimhurumia tukapukuchua magunia karibu sitini, tukayaacha stoo. Dalali alikuja, akaingiza mkono kwenye gunia, akaondoka bila kutaja bei. Siku ya nne niliitwa. Nilizamisha mkono katikati ya gunia hadi kwenye kiwiko, nikakuta joto kama la sufuria iliyotoka kuepuliwa. Harufu ilikuwa kali kama ya machicha ya busaa. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge, na nyingine zimeingia rangi ya kijani. Hasara ile tuliisababisha sisi, kwa kukubali.

Nafaka ni kitu hai. Inapumua, na ikiwa mbichi inapumua kwa kasi, inatoa joto na maji. Ukiirundika, joto halina pa kutokea, kuvu inashika, na kuvu nayo inaongeza joto. Baadhi ya kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Na tafadhali, yaliyooza usimpe ng'ombe wa maziwa ukidhani umeokoa hasara. Sumu inapita tumboni mwake na kuingia kwenye maziwa ambayo watoto wako wanakunywa.

Sasa turudi kwenye foleni. Wanaotangulia ni wale ambao mahindi yao yamekwisha kutolewa shambani, yamefikia kipimo, na yanaanza kulowa. Yaliyosimama shambani yanaweza kungoja, na hapa ndipo wengi hatuelewani. Hindi lililokomaa huinama, ncha ikitazama chini, na maganda yakilifunika vizuri maji huteleza kama juu ya paa. Linakauka polepole hata mvua ikija na kuondoka. Lakini mtu akisikia ngurumo anaita vijana, anavunja ekari tano kwa siku moja na kurundika uani juu ya udongo. Rundo hilo linaharibika upesi kuliko kitu chochote kilichobaki shambani. Waliokata na kusimamisha mabua wako katikati: yakisimama wima na upepo ukipita, ni salama. Yakianguka na hindi likagusa tope, lazima yainuliwe siku hiyo hiyo. Kungoja nako kuna mwisho, kwa sababu ya mchwa, dumuzi (mdudu anayetoboa punje) na wezi, kwa hiyo hatusemi uyaache hadi Februari.

Ngano haina subira hiyo. Ikishaiva ikalowa mara kadhaa, huota ikiwa bado kwenye suke, na msagaji wa unga hataitaka. Kwa hiyo mvua ikikatika siku mbili, kombaini yetu ya kuvunia inakwenda kwenye ngano iliyoiva kwanza, na tunaanza umande ukishakauka, mara nyingi saa nne asubuhi.

Kuhusu njia: tukisema trekta haitaingia, njoo tusimame pamoja shambani. Ukikanyaga na kisigino kikazama, mashine ya tani kadhaa itafanya nini? Ikikwama, inazuia wateja wengine siku nzima, na wewe unabaki na udongo ulioshindiliwa ambao utauona mwezi wa Aprili mahindi yakidumaa penye alama za magurudumu.

Jambo linaloleta ugomvi kuliko yote ni mashine ya kukausha. Mteja analeta magunia 100, anarudishiwa 92 na nusu, anadhani tumemwibia. Hebu tupige hesabu pamoja. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 lina maji kilo 18 na nafaka yenyewe kilo 72. Ukilishusha hadi 13.5, zile kilo 72 ziko palepale. Kilichotoka ni karibu kilo saba za maji, na gunia linabaki na kilo 83 na kidogo. Ndiyo maana tunapima unyevu na uzito ukiwa umesimama kando ya mizani, kabla na baada, na unaandika mwenyewe kwenye daftari lako. Asiyeweza kuja amtume mtu anayemwamini.

Kama huna mita, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, usifunge magunia. Na ile mifuko isiyopitisha hewa, ambayo sisi wenyewe tunaipenda sana, usiitie nafaka ambayo haijafika 13.5. Utakuwa umeufungia unyevu ndani.

Ukitaka tukupangie siku ya uhakika, tuletee sampuli. Vunja mahindi kumi kutoka sehemu tatu au nne za shamba, si ya kando ya barabara pekee. Pukuchua kwa mkono, weka punje kwenye mkebe wenye kifuniko, na ulete siku hiyo hiyo, kwa maana ukizibeba kwenye mfuko wa koti zitakauka njiani na mita itakudanganya. Kupima hatutozi. Kabla hatujafika, uwe na turubai na mbao za kupangia magunia juu ya sakafu. Na mvua ikianza kwako, tupigie hata kama ni usiku. Huku kwetu hunyesha kilima kimoja ikaruka kingine, na tunaweza kuwa kwenye vumbi tusijue kwamba uani kwako maji yanatiririka.