Barua ya wazi kwa Waziri: Kasubi nayo izungumze Kiswahili

Mheshimiwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale,

Nakuandikia kutoka Nakulabye, mwendo mfupi wa boda hadi lango la Kasubi, nyumba wanamolala makabaka, yaani wafalme wa Buganda. Mimi ni mtoto wa kambi. Kiswahili nilikipata kwa baba askari kabla Luganda haijanikaa mdomoni, na mke wangu nilimtoa Tanga. Jambo lenyewe linaanzia kwa mama mkwe.

Mwaka 2009, mwaka mmoja kabla ya ule moto ulioiteketeza nyumba hiyo, alikuja kututembelea nikampeleka Kasubi. Langoni wasichana waliovaa suruali walikuwa wakihangaika na vitambaa vya kujifunga. Mama leso yake alitoka nayo nyumbani. Akavua makubadhi, akapita kama mwenyeji. Ndani akaketi mkekani, miguu kaikunja upande mmoja bila kuelekezwa, akainua macho. Akaanza kuzihesabu pete za matete zinazozunguka dari, akapotea njiani, akaanza upya. Nikamwambia ziko 52, kila pete na ukoo wake katika Buganda. "Na wote wameenea chini ya paa moja," akasema.

Mtembezaji alieleza vizuri sana, kwa Kiingereza, na mkalimani nikawa mimi. Hapo ndipo nilipoharibu. Mama aliuliza nyuma ya lile pazia kubwa la lubugo, nguo ya gome la mutuba, kuna nini. Nikajibu harakaharaka: "Makaburi. Makabaka wanne walikufa, wamezikwa humo."

Bibi mmoja kati ya walioketi wakiitunza nyumba akanitupia jicho kali. Kumbe Kiswahili alikisikia. Kabaka hafi, Mheshimiwa. Kabaka huficha mkono. Na nyuma ya pazia si makaburini, ni Kibira, msituni. Wale wanne wameingia msituni. Maneno hayo yote Kiswahili kinayo, wala si magumu. Aliyekosa ni mimi, mkalimani wa kuokoteza.

Naumia kwa sababu Kiswahili si mgeni wa nyumba hiyo. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyepanda kutoka Pwani, alifika kwenye baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844. Mwana wa Suuna, Muteesa wa Kwanza, ndiye aliyejenga ikulu ya Kasubi mwaka 1882 na kuingia msituni humo humo mwaka 1884. Huyo Kiswahili alikizungumza. Msafiri wa Kizungu, Stanley, alipopita mwaka 1875 alimwachia kijana Dallington Muftaa, aliyesomeshwa na wamisheni Zanzibar, awe msomaji na mwandishi wake. Mmisionari Mackay naye alipofika mwaka 1878, mazungumzo yake na Kabaka yalikuwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana hata leo Muganda akipata barua anaiita ebbaluwa, anaisomea kwenye emmeeza, kisha anatazama essaawa.

Najua watakaosema hii ni lugha ya askari na ya majambazi. Nimeyasikia tangu utotoni, na hayakuzushwa bure: wako wazee walioamrishwa kulala chini kwenye vizuizi vya barabarani kwa Kiswahili, na sibishani na kidonda cha mtu. Lakini yule Dallington hakuja na bunduki, alikuja kusoma. Na serikali yenyewe imekwisha kusema: Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likarudia Julai 2022.

Sasa nyumba imejengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO waliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nyumba ni ya Buganda, kwa hiyo sikuombi uamrishe. Nakuomba uketi na Mengo, serikali ya Kabaka, mkubaliane maelezo ya Kiswahili yaandikwe na mtu anayeijua Luganda ya ikulu. Yasichotwe kwenye Kiingereza, maana tutaletewa tena yale "makaburi" yangu. Na watembezaji wawili watatu wafundwe kwa lugha hiyo.

Anza na tarehe 3 Juni. Mabasi ya Kenya na Tanzania hujaa Namugongo, wengine huja kwa miguu siku nyingi. Wanawalilia mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Kabaka Mwanga, mwana wa yule Muteesa, aliyetoa amri ya kuwachoma mwaka 1886, yuko Kasubi, ng'ambo ya pili ya Kampala: alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 (samahani, aliuficha mkono huko), akarudishwa mwaka 1910 kulala karibu na baba yake. Hija ya namna hiyo inakatikia katikati kama hakuna wa kumsimulia mtu wa Musoma au Kisumu nusu iliyobaki.

Mama mkwe alipiga simu juzi kuuliza kama ile nyumba imerudi. Nikamwambia imerudi. Akauliza, "Na safari hii nani atanieleza?" Nimemwambia asubiri kwanza nipate jibu lako.

Wako,
Mkazi wa Nakulabye, Kampala