Barua ya wazi kwa shangazi: Dar es Salaam haina kosa, saa ndizo tulizozikosea

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za Dodoma, na miguu inaendeleaje?

Maneno uliyoyasema kule harusini yamenifikia, kwamba Dar es Salaam ni joto, foleni na kelele, na kwamba siku mbili ulizokaa kwangu zilitosha kukuondolea hamu ya kurudi. Sikulaumu hata kidogo. Naijibu hoja yako hadharani kwa sababu najua wapo mashangazi na wajomba wengi walioondoka jijini na kinyongo kama chako, ilhali waliokosea ni wenyeji wao. Mimi ndiye niliyekutoa Tabata siku ya Jumamosi saa sita mchana, nikakukalisha kwenye foleni hadi ukasinzia, kisha nikakuingiza katika jengo la maduka lenye kiyoyozi ambamo tulikula pilau lililopoa kwa bei ya kuku mzima. Kesho yake nikakupeleka Coco Beach saa saba, wakati mchanga unachoma na wenyeji pekee waliopo ni kunguru. Mji huu kila mtaa una saa yake, na mimi nilikupeleka kila mahali wakati mahali penyewe pamelala.

Kwa hiyo naomba uje tena. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakuja kutoka huko kwenu, na ile safari ya basi iliyokuwa ikikuvimbisha miguu haina ulazima tena. Panda ya Ijumaa mchana, nitakupokea stesheni, ule ulale mapema, maana Jumamosi tutaamka kabla ya jogoo.

Saa kumi na mbili asubuhi nataka tuwe Feri, kwenye soko la samaki lililo mdomoni mwa bandari, jirani na pantoni ya Kigamboni. Hiyo ndiyo saa ambayo mashua zilizokesha baharini zinashusha, na mnada unakuwa umekwisha kuchangamka. Samaki hupangwa mafungu juu ya meza za zege, mnadi husimama katikati akipandisha bei kwa sauti ambayo mgeni huidhania ugomvi, na mnunuzi mzoefu hasemi neno. Hutikisa kichwa tu, na fungu linakuwa lake. Usishindane nao, kwa sababu mafungu yale ni ya wenye mabucha na mahoteli. Sisi tutasubiri pembeni kwa wachuuzi wanaoyagawa, tuchague changu wawili au kolekole mmoja mnene. Wewe uliyezoea samaki wa Mtera utanisaidia kukagua, kwani dalili ni zilezile: jicho liwe angavu na lililojaa, matamvua yawe mekundu kama damu, na nyama ikibonyezwa irudi. Samaki aliyelala hutambulika kwa jicho lililozama, hata akimwagiwa maji mara kumi. Baada ya kununua tutampa kijana wa kupaa magamba, anayelipwa kwa kila samaki, naye atamaliza kazi kabla hujapata nafasi ya kumwambia kwamba wewe hukata mapezi kwa namna yako.

Pale pale pana upande wa wakaangaji, ambako makarai makubwa yanachemka mafuta juu ya kuni tangu alfajiri. Huko kuna ngisi, vibua na pweza, na supu ya pweza inauzwa kwa kikombe, yenye ndimu na pilipili. Najua utasema pweza si chakula cha mtu wa bara. Onja kijiko kimoja, ukikataa nitakula mimi, na kwako nitatafuta chapati na chai ya maziwa. Samaki wetu mbichi tutawafukia kwenye ndoo yenye barafu, na mkweo atarudi nao nyumbani wakati sisi tukielekea Kariakoo.

Kariakoo lazima tuifikie saa mbili, isizidi saa tatu. Ikifika saa tano kutakuwa na joto, mikokoteni na mabega ya watu, nawe utaniambia tena yale ya harusini. Asubuhi mapema kuna faida nyingine ambayo wewe, uliyeuza karanga sokoni miaka yote ile, unaijua kuliko mimi: mfanyabiashara hapendi kumwachia mteja wake wa kwanza aondoke mikono mitupu. Bei ambayo mchana ingekuchukua robo saa ya kubishana, asubuhi inashuka kwa maneno mawili ya heshima. Vaa viatu vya chini, mkoba uuning'inize kifuani wala si mgongoni, na pesa ndogondogo uziweke mbali na noti kubwa.

Jina la mtaa huo nalo lina mizigo ndani yake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa zana na vyakula vya jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikakipinda kikawa Kariakoo. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado utasikia nyuma yako vijana wakipiga kelele za kuomba njia huku wamebeba marobota. Tutapita pia mbele ya soko kuu lililochorwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, katika miaka ya 1970, lenye miavuli ya zege iliyokusudiwa kukinga jua na kukusanya maji ya mvua. Liliungua usiku mmoja wa Julai 2021, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama asubuhi yake kutazama moshi bila kujua la kufanya.

Nguo za watoto na mashuka tutazitafuta Mtaa wa Congo. Sitachelewa huko, kwani macho yatakuchoka kabla ya miguu. Kwa kanga, hata hivyo, nataka tutenge saa nzima, twende kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru ambako doti zimepangwa hadi darini. Usikubali kununua kanga iliyokunjwa. Mwambie muuzaji aifungue, uangalie kama pindo limenyooka na kama rangi ya upande wa pili inafanana na ya upande wa mbele, kisha uisugue kwa kidole, kwa kuwa kitambaa hafifu hutiwa wanga mwingi ili kionekane kizito, na kikifuliwa mara moja hugeuka chandarua. Na juu ya yote, soma jina, yaani msemo ulioandikwa kwenye kanga. Mimi nilimnunulia mama mkwe doti moja kwa kupenda tu lile zambarau lake, nikamkabidhi mbele ya wageni, kumbe jina lake lilikuwa fumbo la kumsema jirani msengenyaji. Alishukuru vizuri sana. Kisha hakunipigia simu kwa muda wa wiki mbili. Ukishachagua, fundi mwenye cherehani kibarazani atazikata na kuzipinda ukiwa umekaa kwenye kigoda unakunywa maji.

Saa sita tunarudi nyumbani. Hilo ni agizo, shangazi, na ndilo kosa langu kubwa la safari ile. Kati ya saa sita na saa kumi jiji hili halimfai mtu mwenye umri wako, wala wa kwangu. Utakuta wale samaki wamepakwa nazi, wali uko tayari, na feni imeelekezwa kitandani.

Jioni, baada ya magharibi, tutakwenda Kisutu na Upanga, mitaa ambayo mchana ni ya ofisi na usiku ni ya matumbo. Jamii zenye asili ya India zilizoishi hapo kwa vizazi vingi zimeyaingiza mapishi yao katika ndimi zetu sote, kiasi kwamba hakuna tena anayeuliza kababu, katlesi, bajia na sambusa zilitoka wapi. Mishikaki huchomwa mbele ya maduka yaliyokwisha kufungwa, viti vya plastiki vikapangwa kandokando ya barabara, na moshi wa mkaa ukatembea kati ya magorofa ya zamani. Mwishoni nitakununulia tambuu tamu, ili uone kama bado unaikumbuka ile uliyowahi kunisimulia.

Jumapili nimeiacha iwe nyepesi. Asubuhi unaweza kusali Azania Front, lile kanisa la Kilutheri lenye kuta nyeupe na vigae vyekundu linalotazama bandari, ambalo Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne iliyopita. Ukitoka, pantoni haiko mbali, na napendekeza tuvuke kwenda Kigamboni na kurudi bila shughuli yoyote. Daraja lipo tangu mwaka 2016, lakini darajani huwezi kupigwa na upepo wa bahari ukiwa umesimama kati ya baiskeli, matenga ya nyanya na wanakwaya waliovaa sare. Nauli yake haifiki bei ya soda.

Mchana tena pumzika. Saa tisa na nusu tutaelekea Oysterbay, tukianzia kwa wachoraji wa Tingatinga walio karibu na Morogoro Stores. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza katika miaka ya 1960 kuchora wanyama kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vibao vya miraba. Alifariki mwaka 1972, na ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi hadi leo. Utawaona wamekaa chini wakipaka madoa ya chui moja moja, wala hakuna atakayekulazimisha kununua. Vinyago vya mpingo tungevipata zaidi Mwenge, lakini ni mbali kidogo na njia yetu. Siku ukienda na mtu mwingine, kumbuka kusugua chini ya kinyago kwa kitambaa chenye maji, kwani kuna miti mingine inayopakwa rangi ya viatu ikajifanya mpingo.

Kisha Coco Beach, saa kumi na moja, jua likiwa limelegea na familia nzima nzima zikimiminika na mikeka yao. Muhogo wa hapo ndio niliotaka uule safari ile. Unakaangwa hadi ngozi ya nje iwe ngumu na ya dhahabu, ukipasuliwa mvuke unatoka, ndani ni mweupe na unamenyeka kama mkate, kisha mwuzaji anautia chumvi, pilipili na ndimu, na kachumbari juu. Agiza sahani moja ya watu wawili, kwa sababu ya pili utaitaka ikiwa ya moto. Watoto wataogelea, vijana watapiga picha, nasi tutakaa tukilitazama Daraja la Tanzanite likiwashwa taa upande wa mjini, hadi utakaposema turudi.

Treni yako itakuwa Jumatatu asubuhi. Njoo na kikapu kitupu kwa ajili ya kanga na dagaa; lakini kama zabibu zitakuwa zimeiva huko kwenu, basi usije nacho kitupu, na zabibu uziweke juu zisipondeke.

Mwanao wa Tabata