Dola 400 nilizozitaja mbele ya watu

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu Mapendo,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unaomba dola 250 za katoni ya kwanza ya vidonge vya afya, kwa sababu yule kijana mwenye koti amewaambia hapo Kolwezi kwamba anaingiza dola 1,200 kwa mwezi. Simwiti mwongo. Pengine anasema kweli. Mimi pia niliwahi kusema kweli ya namna hiyo.

Ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa nauza sabuni na mafuta ya kampuni moja iliyotulipa pia kwa kuingiza wauzaji wengine chini yetu, na iliyotukusanya kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kukodi. Siku moja wakanisimamisha: "Mama, waambie mwezi huu umepata ngapi." Nikasema dola 400. Watu wakapiga makofi, na sikufichi, niliyafurahia. Lakini 400 ilikuwa mauzo. Mzigo niliununua kwa 340, teksi na kiingilio cha ukumbi vikala 35. Zilibaki 25, na hakuna aliyeniuliza zilizobaki. Mama mmoja tuliyeuza naye unga meza moja pale soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, alinisikia, akachukua pesa ya likelemba yake, ule mchango tunaopokezana kwa zamu, akaingia chini yangu. Nililipwa dola 12 kwa kuingia kwake. Yeye aliishia na makatoni chini ya kitanda.

Sokoni umeniona tangu utoto. Mfuko wa unga ukiisha, natoa kwanza bei ya mfuko, ya mwenye mkokoteni, na ushuru wa soko. Kinachobaki ndicho kilichokusomesha. Sasa mtu akivaa koti, hesabu inabadilika?

Kaka yako amenisomea kwenye simu habari za tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC. Mwaka 2024 ilitoa ripoti baada ya kupitia taarifa za mapato za kampuni 70 za mtindo huu, taarifa walizoandika wenyewe. Nyingi zilionyesha kwamba wengi wa watu wao walipata dola 1,000 au chini kwa mwaka mzima. Gawanya kwa miezi 12: hazifiki 84, na gharama bado hazijatolewa. Katika kampuni zisizopungua 17, wengi hawakupata kitu kabisa. Tena baadhi ya taarifa huwaacha nje wasiopata kitu, kisha ndiyo wanapiga wastani! Ni kama mimi nikuhesabie mifuko iliyouzika tu, ile iliyoliwa na panya nisiitaje.

Baba yako anataka nikukumbushe Bindo ya Kinshasa, mwaka 1991, ule mchezo wa kuweka pesa ukiahidiwa kurudishiwa nyingi zaidi. Ile haikuuza hata sabuni, kwa hiyo si kitu kimoja, lakini wa kwanza walilipwa kweli, na pesa yao ndiyo iliyowaita wengine.

Zamu yangu ya likelemba ni mwezi wa kumi, kwa hiyo 250 zitapatikana. Kwanza mwombe huyo kijana daftari: alinunua mzigo wa ngapi, alitumia ngapi, na wale aliowaingiza wamebaki na ngapi. Akikupa, piga picha unitumie, tutahesabu pamoja. Akikataa, pesa hiyo nitakununulia mifuko ya unga uuze huko.

Yule mama tunasalimiana hadi leo. Ila meza alihama.

Mama yako