Ukija Los Baños, njoo na "po"

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Los Baños, Ufilipino. Mimi mzima, ila mvua za huku zimenichosha. Hongera kwa kupata kozi ya mpunga hapa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga. Umeuliza uanze na maneno gani ya Kifilipino. "Mabuhay" iache kwanza. Hiyo utaikuta kwenye mabango ya uwanja wa ndege na kwa wahudumu wa hoteli. Jirani hakuamkii hivyo.

Shika "po". Kadogo, lakini heshima yote imo humo. Asubuhi "magandang umaga po", alasiri "magandang hapon po", usiku "magandang gabi po". Mtu mzima mjulie hali kwa "kumusta po kayo?", kwa wingi, hata akiwa peke yake. Akikuuliza jambo na jibu ni ndiyo, itikia "opo". Hata kwenye jipni, yale madaladala yao marefu, nauli inapita mkono kwa mkono hadi kwa dereva na kila mmoja anasema "bayad po". Ukitaka kushuka, "para po!"

Wazee ndio utawapenda. Wajukuu wa bibi mwenye nyumba wangu wakirudi shule, kila mmoja husema "mano po", anaupokea mkono wa bibi na kuugusisha kwenye paji la uso. Bibi huwajibu "kaawaan ka ng Diyos", Mungu akurehemu. Sisi wa shikamoo hapo hatupati tabu. Siku niliyofanya mimi alicheka mpaka akashika mlango, kisha akanipakulia wali.

Hodi yao ni "tao po!" Wakisema "tuloy po kayo", vua viatu uingie. Ukiwakuta mezani utasikia "kain po tayo", tule. Mara nyingine ni ile karibu ya mtu aliyebakiwa na tonge moja, kwa hiyo sema "salamat po", yaani asante, umeshakula. Wakikazana, kaa ule.

Ukipita katikati ya watu wanaozungumza, inama kidogo, tanguliza mkono, useme "makikiraan po". Ila ukienda kutembea kisiwa cha Cebu, wenyewe wana Kisebuano chao: asubuhi ni "maayong buntag", na "po" hawana mazoea nayo.

Msafiri huku hutarajiwa kuja na zawadi, wanaita pasalubong. Bibi mletee khanga, mimi ubuyu wa Zanzibar. Tiketi ikitoka nitajie siku, nikupokee Manila.

Wako,
Mwanaidi