Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: mrudishe binti yule

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Kwa heshima zote, ningependa jambo hili limalizikie ofisini kwako, lakini barua zangu hazijibiwi, na juma lililopita mwanafunzi wangu wa Kilatino, yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, amefutwa katika programu ya uongozi kwa kukosa kikao cha Jumamosi. Asubuhi hiyo alikuwa hospitali, ameketi kati ya daktari na mama yake, akimfasiria kwa Kihispania majibu ya vipimo vya figo, na kila neno zito alilitafutia namna ya kulisema mama asije akavunjika moyo. Huyo ndiye tuliyemwandikia kwamba hajaonyesha moyo wa uongozi.

Chuo chetu hapa Texas kinajivunia hadhi ambayo sheria ya Marekani huvipa vyuo ambavyo Walatino si chini ya asilimia 25 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Siku ya kuwapokea wanafunzi wapya uliwaahidi wazazi wao, mkalimani akiwa kando yako, kwamba mafunzo yetu ya uongozi yatazithamini familia zao. Badala yake tunawafundisha vijana kujinadi na kuona nyumbani kama kikwazo. Dolores Huerta, Mlatino mwenzao aliyeanzisha pamoja na César Chávez chama cha wafanyakazi wa mashambani mwaka 1962, alikuwa na watoto wengi wakati huo, na nguvu ya chama ilitoka katika familia zilizogoma pamoja. Katika mtaala wetu hatajwi hata mara moja.

Nahisi wasaidizi wako wanaiogopa sheria ya jimbo nambari 17, iliyoanza kutumika Januari 2024 na kuzifunga ofisi za ujumuishi, zile za kuyainua makundi yaliyoachwa nyuma, katika vyuo vya umma. Lakini sheria hiyo haihusu ufundishaji wa darasani wala shughuli za vyama vya wanafunzi, na hakuna kifungu kinachokataza kumruhusu mtoto ampeleke mzazi wake hospitali.

Mimi, mzaliwa wa Mombasa, naendesha vikao vya jioni na wazazi hawa bila malipo. Chakula chao nanunua kwa mshahara wangu, na wanangu wamezoea kula bila mimi. Silalamikii fedha. Kubadili ratiba na mtaala tunaweza kukuzungumzia baadaye, ukipata nafasi. Binti huyu arudishwe kabla ya kikao cha Jumamosi hii. Nakuomba, Mheshimiwa, arudishwe.

Wako katika kazi,
Mshauri wa wanafunzi