Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Samaki wa Birikani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi wetu mliovuka maji tangu alfajiri kutoka Pate na Faza, wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum. Na kwa wageni wetu wote, sabalkheri.

Sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Twajua risala ina ada yake: humsifu mgeni, huhesabu vikombe tulivyoshinda, kisha huomba basi. Vikombe mwaka huu hatuna. Na basi hapa Amu, yaani Lamu, litatufaa nini, ikiwa kwenye vichochoro vyetu punda wawili waliopakia mawe wakikutana lazima mmoja arudi nyuma? Kwa hivyo tumeomba ruhusa ya Mwalimu Mkuu tukueleze jambo lililotushughulisha mwaka mzima, yaani kwa nini watu wengine hawaiamini sayansi, na wengine huipinga waziwazi.

Tukiri mapema kwamba mada hii hatukuichagua kwa hekima. Tuliichagua kwa hasira.

Muhula wa kwanza, ilipoingia hofu ya kipindupindu, tuliamua kupita mitaa ya Mkomani na Langoni na chupa za dawa ya maji. Tulivaa makoti meupe ya maabara, mengine yalitufika vifundoni, na glovu mikononi. Tulitarajia kupokewa kwa shukrani. Milango ilifungwa. Baba mmoja alituambia dawa ya bure ina bei yake. Mama mwingine aliuliza kama ndiyo ile ya kuzuia uzazi. Na bibi mmoja wa Mkomani, baada ya kutusikiliza mpaka mwisho kwa adabu, alisema, "Wanangu, mkitia hiyo birikani mwangu, samaki wangu watakufa." Tulicheka. Tulicheka tukiwa bado dakani kwake, pale ukumbini mwa mlango, Mheshimiwa, na jambo hilo linatuuma hadi leo.

Katika ripoti yetu tuliandika kwamba kikwazo kikubwa cha mradi kilikuwa ujinga wa jamii. Mwalimu mlezi wa klabu alilizungushia neno "ujinga" wino mwekundu, akaandika pembeni: "Mliwauliza?"

Tukarudi. Safari hii bila makoti.

Wa kwanza alikuwa bibi mwenye samaki. Alitueleza kwamba katika nyumba za mawe za zamani, birika la chooni, yaani tangi la kuwekea maji, lilikuwa na visamaki vyake, na kwenye sakafu ya birika walijengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi. Kazi ya samaki ni kula viluwiluwi vya mbu. Kabla hatujazaliwa sisi, na kabla ya chandarua chenye dawa, wazee wetu walikuwa wameshajua kuzuia mbu kuzaliana ndani ya nyumba. Tulipomuuliza mwalimu, alituthibitishia sehemu ya pili: klorini, ambayo ndiyo ile dawa ya maji, huunguza matamvua ya samaki. Bibi alisema kweli. Tungemwaga ile dawa tuliyoisifu, tungemuulia samaki, na badala ya kipindupindu tungemwachia mbu.

Lakini bibi naye hakuwa na haki yote, kwani samaki hali vijidudu vya kipindupindu. Maji ya kunywa bado yalitaka kutibiwa, ndani ya mtungi, mbali na birika. Jibu hilo lilikuwa jepesi mno, nasi tulilikosa kwa kuwa hatukumuuliza anatumia maji gani kwa kazi gani.

Wa pili alikuwa mzee wa Langoni, baharia wa zamani aliyewahi kufika Bombay kwa jahazi. Huyu hakutaka hadithi ya mbu. Alituuliza, "Mwajua yaliyotendeka Pakistani?" Hatukujua. Tulikwenda kutafuta, tukidhani tutarudi na ushahidi kwamba ni uvumi wa kwenye simu. Tukakuta ni kweli tupu. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilimtumia daktari kuendesha kampeni ya chanjo ya homa ya ini katika mji wa Abbottabad, shabaha ikiwa ni kupata vinasaba vya jamaa za Osama bin Laden. Mambo yalipofichuka, wahudumu wa chanjo ya polio wasiohusika kamwe walikataliwa majumbani, na wengine wakauawa. Mwaka 2014 ndipo Ikulu ya Marekani ilipoahidi kwamba CIA haitatumia tena kampeni za chanjo kwa kazi hiyo.

Tulipoanza kuchimba, tulipata zaidi ya tulichotumwa. Huko Tuskegee, jimboni Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, maafisa wa afya wa serikali ya Marekani waliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa ndiyo tiba yake. Walitaka tu kuona ugonjwa unavyokwenda. Waliofanya hayo walikuwa madaktari, wenye makoti meupe kama yale yetu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, Mheshimiwa. Tumelielewa hilo. Lakini ung'ongo haugeuki nyoka kwa sababu mtu ameshtuka. Mwaka 2014, hapa kwetu Kenya, chanjo ya pepopunda ilizua mzozo mkubwa, ikadaiwa kwamba imetiwa homoni ya kuwafanya wanawake wasizae. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Sisi tunaona kanusho lile lilichelewa, kwa sababu swali lililokuwa vinywani mwa watu lilikuwa na mantiki yake: mbona wanaitwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 peke yao? Pepopunda si inampata hata fundi wa jahazi akikanyaga msumari? Jibu ni kwamba mama akichanjwa, kinga humfikia mtoto tumboni, na pepopunda humuua mtoto mchanga, hasa kitovu kikikatwa kwa kifaa kichafu. Kulieleza hilo ni kazi ya dakika moja. Tulipowaeleza akina mama watatu wa Langoni, mmoja wao alisema hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye amezaa watoto wanne.

Si kila anayekataa, hata hivyo, ana historia kubwa nyuma yake. Hapa tunaomba utuvumilie kidogo, maana kisa hiki ndicho tulichokipenda kuliko vyote, na kimetokea mwambao huu huu wa Bahari ya Hindi, ukishika njia ya kaskazini kupita Kiunga na Kismayu hadi Merka, nchini Somalia. Mwaka 1977 palikuwa na kijana aitwaye Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Ndui ilikuwa imekwisha duniani kote isipokuwa upande huo. Siku moja gari lenye wagonjwa wa ndui lilisimama hospitalini, dereva akitaka kuonyeshwa njia ya kambi ya kuwatenga. Ali akapanda kumwelekeza. Safari ilikuwa fupi, nayo ilitosha. Mwezi Oktoba ugonjwa ulimtokea, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Mfanyakazi wa hospitali, tena, ambaye chanjo ilikuwa karibu naye kila siku! Kwa nini hakuchanjwa? Yeye mwenyewe alieleza miaka ya baadaye: aliona sindano inaonekana kuuma. Basi, hakuna siasa humo wala njama. Aliogopa sindano.

Ali alipona. Mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa haina ndui tena. Naye akajiunga na kampeni ya polio Somalia, akiwaendea wazazi waliokataa chanjo na kuwaeleza kisa chake kwamba yeye pia alikataa. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo. Sisi katika klabu tumeulizana mara nyingi: kati ya daktari mwenye shahada tatu na mpishi aliyeogopa sindano, nani angefunguliwa mlango Merka? Mabishano hayakuisha, ila wengi wetu tulimpigia kura mpishi.

Wako pia wanaopinga kwa faida yao, wenye kuuza majani yao kwa kuwatisha watu na hospitali. Hawa tumewasikia, na hatutawapotezea muda wako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mara nyingi sisi watu wa Lamu huambiwa kuwa tunapinga maendeleo. Tumeambiwa hivyo kwa ajili ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, wa megawati 1,050. Tumerudi kuyasoma yaliyotokea. Mwezi Juni mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi ule, na sababu kubwa mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliotangulia, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi wale hawakukataa meli. Walilalamikia kuchimbwa kwa bahari waliyoizoea bila wao kuhesabiwa. Wala walioikataa Kwasasi hawakuikataa taa. Walitaka kujua jivu litakwenda wapi, maji ya moto yatamwagwa wapi, na mikoko itakuwaje. Hayo ni maswali ya kisayansi. Mwanafunzi akiyauliza darasani hupewa alama.

Mwalimu wetu wa historia alituongezea mfano wa Uingereza, wa mafundi wa Nottingham waliovunja mitambo ya kufumia tangu mwaka 1811. Tulikuwa tukidhani waliogopa mashine. Kumbe mitambo hiyo wengi wao walikuwa wakiifanyia kazi miaka mingi majumbani mwao. Waligomba juu ya ujira na kazi mbovu. Mwaka 1812 Bunge likapitisha adhabu ya kifo kwa mvunja mtambo. Aliyejibiwa hivyo sijui angejifunza vipi kuipenda mashine.

Na lipo jirani yetu jambo la kusikitisha zaidi kuliko ugomvi. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini ya kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Ikapewa jina la Uhuru. Jina ni letu, bahari ni yetu, na ugunduzi wake umo katika vitabu vya elimu ya anga ulimwenguni. Tulipouliza katika kidato chetu nani anaijua, hakuinua mkono hata mmoja, na mimi ninayesoma risala hii sikuinua. Ilipita juu ya vichwa vyetu kama usemi, na kama roketi.

Kuna kosa moja ambalo ni letu wenyewe. Sayansi tunafundishwa kwa Kiingereza, mtihani ni kwa Kiingereza, na tukifika nyumbani ulimi hutuganda. Tulipojaribu kumweleza bibi wa Mkomani, kila sentensi ilianza kwa Kiamu ikafia kwa Kiingereza. Tukamwambia "vijidudu". Akasema, "Vijidudu nisivyoviona kwa mato yangu?"

Basi mwalimu akaturuhusu kubeba hadubini. Ni ile ya kioo chini, ya kutumia mwanga wa jua, na ndiyo pekee inayofanya kazi shuleni. Tuliipakata kama mtoto mchanga hadi Mkomani, tukaiweka dakani, tukatia tone la maji ya birika. Bibi akainama. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Wacheza ngoma hawa." Majirani wakaja, foleni ikafika kona. Halafu bibi akatuuliza, "Hawa ndio waletao kipindupindu?"

Mheshimiwa, ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Watu walikuwa wameshaamini. Lakini vile tulivyoviona ni viumbe vingine vya majini. Vijidudu vya kipindupindu ni vidogo zaidi, na lenzi yetu haina nguvu ya kuvionyesha. Tulitazamana. Katibu wetu akajibu, "La, bibi. Wale hatuwezi kukuonyesha. Hadubini yetu haifiki." Tulidhani tumeharibu kazi. Bibi akanyamaza, akaangalia tena, kisha akasema ya kunywa atayachemsha, ila birika lake tusiliguse.

Sasa tunaomba, kama ilivyo ada. Tunaomba hadubini mbili zenye lenzi ya kukuza mara 1,000, moja ibaki maabara na moja itembee. Tunaomba nauli ya mashua mara moja kila muhula ili hiyo inayotembea ifike Siyu, Pate na Faza. Na tunaomba msaada wa kupiga chapa kijitabu cha maneno ya sayansi kwa Kiswahili na Kiamu, ambacho tumekianza na tumekwama kwenye herufi ya K, kwa sababu wazee wawili wamegombana juu ya neno moja na hakuna anayethubutu kuwaamua.

Mwisho, Mheshimiwa, yule bibi yuko hapa leo, safu ya tatu, mwenye buibui na chupa mkononi. Chupa ile ina maji ya birika lake. Ametuagiza tukwambie kwamba hadubini tumeshaiweka pale mezani penye jua, na kabla ya kutia saini kitabu cha wageni, yeye angependa wewe uwe wa kwanza kuangalia.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi.